Vibao Vilitangulia

Kambini, Jumatatu, 4 Septemba

Shemeji,

Habari za huko, na za mke wako na watoto? Sisi wa hapa tungekujibu kwamba tu wazima, lakini ukiuliza mara ya pili utajua tunakudanganya. Mama yenu mgongo umetulia kidogo. Anasema salamu zake zianze kwa mke wako, wewe ufuate nyuma. Mimi cherehani ipo, macho yapo, ila kushona hakuendi.

Naandika mbiombio, dereva wa lori amewasha injini na ananitolea macho. Jumamosi alasiri, kwenye saa tisa u nusu, mwamba ulianguka ndani ya mgodi, njia namba nne. Nilikuwa nashona ovaroli ya mtu, sindano ikaruka kwenye kitambaa kabla sijausikia mshindo wenyewe. Tulikimbia sote getini na mikono ya unga na ya sabuni. Mume wangu, mdogo wako, alikuwa zamu ya asubuhi. Hajarudi mpaka sasa, yeye na wenzake wanne.

Meneja alikuja akatuonyesha ubao. Unaujua utaratibu wao: kila mchimbaji ana kibao chake cha bati chenye namba, akishuka anakipitisha kwenye mashine ya dirishani anaondoka nacho, akipanda anakipitisha tena na kukitundika. Basi vibao vyote vimetundikwa, hata cha mume wangu. Meneja anasema vibao vikiwa juu na watu wako juu. Anasema vijana wamepokea mshahara Ijumaa, wametoroka pamoja kwenda machimbo mapya ng'ambo ya mto, na njaa ikiwabana watajirudia wenyewe.

Mama alimjibu palepale: "Mwanangu akitoka kazini hupitia jikoni kabla ya kupitia popote. Sufuria yangu haijaguswa." Watu walicheka. Yeye hakuwa anachekesha.

Tumekaa getini tangu siku hiyo, wake wa hao watano na wengine wengi wa kutuunga mkono. Tunataka mambo mawili tu. Wachimbe, na pampu ya hewa isizimwe. Lile bomba linakwenda mpaka mwisho wa njia namba nne, kwa hiyo kama kuna mtu hai nyuma ya kifusi, pumzi yake ni hiyo. Meneja analalamika kwamba anachoma mafuta kuwapulizia panya. Angeshaizima, ila akituona tumejaa pale anasita.

Sasa wewe ndiye Bwana Hesabu wa kampuni. Unakaa huko makao makuu, na kila kibao kinachopita dirishani huku kinakufikia kwa dishi lao kabla sisi hatujanawa uso. Simu huku ni hadithi, na redio imo chumbani kwa meneja. Umebaki wewe. Niangalizie: mume wangu ametoka, au yumo? Ukisema yumo, hatung'oki hapa hata waje na trekta. Ukisema ametoka, nitamfuata huko ng'ambo ya mto, na siku nikimpata atakumbuka kwamba alioa mtu wa sindano na mkasi.

Nijibu na lori la kesho, shemeji, usilale nayo.

Ni mimi,
Shemeji yako


Mjini, Jumanne, 5 Septemba

Shemeji, mtu wa sindano na mkasi,

Pole, pole sana. Sisi hatujambo, mke wangu anakukumbatia kwa mbali, na Mama mwambie salamu zimefika kwa mpangilio alioutaka.

Nakupa habari kabla ya maneno mengine: ametoka. Weka mkasi chini ukae. Mdogo wangu ametoka.

Nieleze nilivyojua, maana nakujua, hukubali kitu mpaka ukigeuze nyuma uone mshono. Kazi yangu ni kuiuliza mashine maswali. Kumbukumbu zote za dirishani zimelala mle, mstari kwa mstari: namba ya kibao, kuingia au kutoka, na saa. Mimi naandika swali, nayo inajibu. Nimeiambia: mchukue kila mtu wa Jumamosi, saa yake ya kutoka uondoe saa yake ya kuingia, unipe tofauti. Mashine huanza kuhesabu usiku wa manane, kwa hiyo usishtuke ukisikia kumi na tatu, wewe punguza sita upate saa ya watu. Mume wako aliingia 06:02, yaani saa kumi na mbili asubuhi na dakika mbili. Akatoka 13:51, yaani saa nane kasoro dakika tisa. Alikaa chini saa saba na dakika arobaini na tisa. Mwamba ulipoanguka alikuwa nje, na wale wanne pia. Nimewaangalia mmoja mmoja.

Nimelia, shemeji. Mtu mzima na tai shingoni, nimelia mbele ya wenzangu, bosi akaniletea maji. Tangu nilipopata barua yako nilikuwa namwona yule mtoto niliyemfundisha kuendesha baiskeli yuko chini ya mawe. Sasa namwona ng'ambo ya mto anakula vya watu, na natamani nimtie kofi.

Usiwe na wasiwasi juu ya mashine. Mashine haina mjomba wala shangazi, haimpendelei mtu. Hata hivyo mgodi wenu ndio wenye kumbukumbu safi kuliko yote. Mwaka jana niliwatengenezea ripoti: mtu akizidisha muda wa saa nane chini, mstari wake unawaka nyekundu na msimamizi wake anakatwa posho. Mwanzoni ukurasa ulikuwa kama nyanya zilizomwagika. Siku hizi ni mweupe. Najivunia ripoti ile, najua imewapunguzia watu mateso.

Kwa hiyo waambie wanawake wenzako warudi nyumbani. Wakizidi kukaa getini watanyang'anywa nyumba za kampuni bure, kwa ajili ya watu wanaokula raha. Wasomee barua hii, au mpe hata meneja aisome. Nimeitia saini kwa jina langu lote na cheo, wasije wakasema ni maneno ya mtaani.

Ukimpata, mwambie kaka yake anadai maelezo.

Nimepumua, nanyi pumueni,
Shemeji yako, Bwana Hesabu


Kambini, Alhamisi, 7 Septemba

Shemeji,

Hujambo na nyumba yako? Mama ni hajambo ya mdomoni tu, tangu jana hali chakula vizuri. Mimi niko kama ulivyoniacha.

Barua yako ilifika Jumanne jioni. Niliisoma mara mbili jikoni, nikaimba, sikufichi, na sauti yangu unaijua. Jana asubuhi nikaenda nayo getini nikawasomea wenzangu. Meneja alipoona saini yako akaiomba, akapanda nayo juu ya gari na kuisoma kwa kipaza sauti toka "ametoka" mpaka cheo chako. Wanawake walipiga vigelegele, wengine wakawatukana waume zao kwa furaha. Kila mtu akakunja mkeka wake. Saa tatu kamili wakazima pampu. Nilikuwa nimezoea mlio wake siku zote hizo, ulipokatika niliinua kichwa kama mtu aliyeitwa.

Kutoka hapo nikaenda bafu la wachimbaji kuchukua nguo chafu za mume wangu nizifue, ili akirudi tugombane akiwa msafi. Shemeji, shati lake jipya liko kwenye msumari. Suruali ipo. Viatu vyake vya kutembelea viko chini, soksi zimekunjwa ndani. Hakuna nguo chafu. Ovaroli haipo na buti za mpira hazipo. Nikatazama misumari ya wale wanne, hali ni ileile. Sasa niambie wewe uliyesoma: mwanamume gani anatoroka kwenda kula raha na ovaroli ya matope, anaacha shati nililomshonea mwenyewe?

Nimerudi nyumbani nimekaa kwenye cherehani bila kushona. Akaja mchimbaji mmoja, yule tunayemwita Kimya, analeta suruali nikunje upindo. Akageukia ukutani kana kwamba anaongea na ukuta, akasema: "Shemeji, zamu ikirefuka, vibao vinatangulia." Nikamwambia aseme kwa lugha ya watu. Akaniambia kazi ikiwa haijaisha na saa nane zinakaribia, msimamizi anakusanya vibao vya wanaobaki chini, anapanda navyo mwenyewe, anavipitisha dirishani na kuvitundika. Wenyewe wanaendelea kuchimba mpaka wamalize, kisha wanapanda kimyakimya. Wote wanajua. Wanasema ni kwa sababu ya nyekundu.

Nikamuuliza, na Jumamosi je? Akasema, "Mimi nina watoto," akaichukua suruali yake bila upindo akaondoka. Nimekwenda kumtafuta msimamizi wa zamu ile. Mkewe anasema alipewa likizo Jumapili asubuhi, akaondoka na sanduku kubwa.

Nimerudi getini. Safari hii tuko watatu tu, mimi, Mama na mke wa mmoja wa wale wanne. Waliobaki wanasema mimi nimechanganyikiwa, kwamba kaka mtu mwenyewe ameandika, na mtu hawezi kumzika ndugu yake kwa kalamu. Meneja anapita anatusalimia vizuri kabisa.

Nakuuliza swali moja, nawe usiulize mashine, ujibu mwenyewe. Wewe ulimwona mume wangu, au uliona saa yake?

Anayekusubiri getini,
Shemeji yako


Mjini, Ijumaa, 8 Septemba

Shemeji,

Leo sikuulizi hali. Niliona saa yake.

Chukua barua hii sasa hivi, usiimalize, mpelekee Kimya na wachimbaji wote, waambie pampu iwashwe kwanza halafu wachimbe. Kisha urudi usome yaliyobaki.

Baada ya barua yako niliuliza swali jingine. Mwanzo nilitafuta tofauti kati ya kuingia kwa mtu na kutoka kwake. Kila mtu nilimtazama peke yake, na kila mtu alikuwa sawa. Safari hii nimeacha kumfuata mtu, nimefuata dirisha. Nimepanga kumbukumbu zote za kutoka kwa saa, kila mstari nikauondolea ule uliotangulia, nione inapita muda gani kati ya kibao na kibao. Siku zote ni nusu dakika au zaidi, na inaeleweka: mtu ana matope, anainama, anafungua ndoana, anapitisha, anatundika, anamtania aliye nyuma yake. Jumamosi saa nane kasoro dakika tisa msimamizi alipitisha chake. Baada yake vikapita vibao vitano, vyote sekunde mbili mbili, kama mtu anayegawa karata. Watu watano hawawezi kupita dirisha lile hivyo. Ni mkono mmoja. Cha mdogo wangu ni cha tatu.

Nikarudi nyuma mwaka mzima. Kabla ya ripoti yangu hakuna hata siku moja ya namna hiyo. Baada ya ripoti, ziko kila wiki, kwa wasimamizi wote. Nyekundu haikuisha kwa sababu watu walipumzika mapema. Iliisha kwa sababu walishajua ninahesabu nini, wakanipa nilichokuwa nahesabu. Na mimi nilipoona ukurasa mweupe sikuuliza weupe umetoka wapi, nilipeleka kwa bosi nikasifiwa.

Nimempelekea bosi karatasi hii asubuhi. Ameitazama, akasema mashine ilikwama kidogo halafu ikatapika kumbukumbu kwa pamoja. Nimemwambia mashine ikikwama hukwama kwa wote, haichagui watu watano wa njia namba nne. Nimemwomba aongee na meneja kwa redio, hata dakika moja. Akasema mimi nimefiwa na akili, niende nyumbani nikalale. Niliporudi mezani mashine ilikuwa hainifungulii tena. Nimetoka mbio kumwahi dereva, nakuandikia juu ya bodi ya lori.

Ile barua ya kwanza naomba uichane. Usimwache mtu aisome tena.

Nakuja na lori la Jumanne, hakuna jingine kabla yake, wanifukuze wasinifukuze. Mwambie Mama nakuja.

Kaka wa mume wako


Kambini, Alhamisi, 14 Septemba

Shemeji,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na mkeo na watoto. Sisi tumemaliza shughuli, watu wametawanyika, Mama amelala mchana huu kwa mara ya kwanza.

Barua yako ya Ijumaa niliimaliza nikiwa nakimbia. Meneja hakutaka kuiona, akasema kaka mtu ana huzuni, hajui anachoandika. Lakini Kimya aliisoma, akaipitisha, na walipofika pale pa mkono mmoja hakuna mchimbaji aliyeuliza zaidi, maana wanaujua mkono wenyewe. Waliingia bila ruhusa. Wakawasha pampu wenyewe, wakachimba kwa kupokezana, na Kimya hakukubali kupokewa zamu. Aliniambia, "Shemeji, mimi nina watoto," maneno yaleyale, huku anachimba.

Waliwafikia Jumapili jioni. Nitakuambia kama nilivyoambiwa, maana una haki ya kujua na mimi sina nguvu ya kupamba.

Hakuna aliyepigwa na jiwe. Mwamba ulikuwa umefunga njia mbele yao tu. Walikuwa wamekaa kulizunguka bomba la hewa, mabega yamegusana, mume wangu akiwa karibu kabisa na mdomo wa bomba, mkono wake juu ya chuma. Taa zao za kofia walikuwa wanawasha moja moja. Nne zilikuwa zimekwisha kabisa. Ya tano waliikuta imezimwa, na walipoiwasha ilikuwa bado ina mwanga. Kimya anasema taa moja inakaa zaidi ya nusu siku. Hesabu hiyo tulifanya sote palepale.

Daktari wa kampuni ameandika kwamba wote watano walikufa Jumamosi saa tisa u nusu, mwamba ulipoanguka. Nilimuuliza kama aliwatazama. Akaniambia nisiongeze uchungu juu ya uchungu, akaniangalia viatu badala ya uso. Wanataka kila mke atie saini kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wakifa Jumamosi, pampu haina kosa. Na kuhusu pampu, ujue kwamba barua yako ya kwanza sikuichana kwa sababu sikuwa nayo. Meneja hakunirudishia. Iko kwenye faili lake, anasema alizima kwa neno la makao makuu, na saini hii hapa.

Tulizika Jumanne. Tulingoja lori mpaka alasiri. Lilipofika likashusha unga, misumari na dereva. Mama alimuuliza kama kuna mtu amelala nyuma, dereva akafungua turubai amwonyeshe. Ndipo tukaenda. Kama ulizuiwa, niambie ulizuiwa na nani. Mama hajakutaja tena, sijui ni kwa kusahau au kwa kukumbuka.

Nimekukasirikia, shemeji, sitakuficha. Nikishona nakukasirikia, nikilala nakukasirikia. Kisha nakumbuka ulivyolia na tai yako, nakuonea huruma, halafu hasira inarudi palepale ilipokuwa imekaa. Barua ile niliisoma kwa mdomo wangu mwenyewe, mimi ndiye niliyewakunjisha mikeka. Hilo nalibeba mimi, sikutwishi. Lakini lako ulibebe.

Nakuomba kitu kimoja, nacho ni kazi yako. Atakuja mkaguzi wa serikali mwisho wa mwezi. Nihesabie tofauti ya saa: tangu mwamba ulipoanguka mpaka pampu ilipozimwa. Uandike kwamba muda wote huo hewa ilikuwa inawafikia, na vibao vyao vilipitishwa na mkono mmoja. Mimi kuhesabu najua, nimeshahesabu. Nataka itoke kwako, kwa jina lako lote na cheo, kama ile ya kwanza. Ile ya kwanza waliiamini kwa sababu ya saini.

Nakungoja kama nilivyozoea,
Shemeji yako


Mwamba kuanguka: Jumamosi, 2 Septemba, 15:30.

Pampu kuzimwa: Jumatano, 6 Septemba, 09:00.

Tofauti: siku 3, saa 17, dakika 30.

Katika muda wote huo hewa ilikuwa inafika mwisho wa njia namba nne.

Vibao vitano vya njia namba nne vilipitishwa dirishani kwa tofauti ya sekunde mbili mbili. Havikupitishwa na watu watano.


Kambini, Jumatatu, 2 Oktoba

Habari za huko. Nasikia mke wako na watoto wazima, na nimefurahi kwa hilo, watoto hawana walichokosa.

Karatasi yako ilifika Ijumaa. Dereva alinipa bahasha akasema aliyemkabidhi ameomba asitajwe. Akaniambia pia kwamba umepewa chumba chako mwenyewe siku hizi, chenye dirisha, na kwamba hukutaka kusimama naye sana. Sikumuuliza zaidi, mtu wa watu yule, asije akaonekana msengenyaji.

Hesabu ni sahihi. Nimeipitia na Kimya ameipitia, hakuna dakika iliyopotea. Ila umeipiga kwa mashine, haina tarehe, na chini hakuna mtu. Niligeuza nyuma, nyuma nako hakuna mtu.

Mkaguzi alikuja Jumamosi. Alikuwa mpole, alikaa jikoni kwetu akakubali chai. Alisoma karatasi yako taratibu mpaka mwisho, akasema, kama hii ni kweli basi habari nzima ni nyingine. Halafu akatafuta pa chini kama nilivyotafuta mimi. Akasema karatasi isiyo na mwenyewe hawezi kuiingiza popote. Meneja ana barua yenye saini, na sisi tuna karatasi. Amefunga faili kwa maneno ya daktari. Kwa serikali sasa, mume wangu alikufa Jumamosi saa tisa u nusu, na hakukaa gizani hata dakika moja.

Kabla hajasimama alituuliza mara ya mwisho, kwa upole uleule, ni nani aliyeiandika, labda anaweza kwenda kumwona huko huko mjini. Nilifungua mdomo nikutaje. Mama akaniwahi.

Alimwambia, "Hatumjui."

Sikumsahihisha. Nakurudishia karatasi yako humu ndani.

Mjane wa mdogo wako